Hesabu iliyonipunja pumzi: uzoefu wangu wa kuidhibiti pumu

Nilianza kuidhibiti pumu yangu siku nilipomwaga kitandani inhela tupu nilizokuwa nimezitupia kwenye droo kwa muda wa mwaka mmoja, nikazihesabu na kukuta zimefika 17. Zote zilikuwa za aina moja, ile inhela ya bluu ya salbutamoli ambayo karibu kila mgonjwa wa pumu anaijua. Nilikuwa nikiitumia tangu nilipokuwa na miaka 9, usiku ikiwa chini ya mto na mchana ikiwa mkobani, na kwa kuwa kila nilipoivuta kifua kilifunguka, sikuwahi kuwa na shaka kwamba ninatibiwa.

Kilichonifanya nihesabu ni ripoti ya uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014. Wataalamu walipitia vifo 195, kimoja baada ya kingine, wakitazama kila marehemu alikuwa akipewa dawa gani na alihudumiwa vipi. Miongoni mwa wagonjwa 165 ambao idadi ya inhela zao za kutuliza, yaani za aina ya ile yangu ya bluu, ilijulikana, 65, yaani asilimia 39, walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 za aina hiyo katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi nilikuwa na 17, nami nilikuwa nikienda kazini, nikipanda ngazi polepole na kuwaambia watu kwamba sijambo. Katika safari zote za kwenda kuchukua inhela nyingine, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ile ya kwanza imekwishaje upesi hivyo.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa kuvimba kwa muda mrefu. Misuli inayozizunguka hujikaza na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki, lakini mzizi wa yote ni ule uvimbe. Salbutamoli hulegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu kwa saa chache, basi, uvimbe hauguswi. Kinachoutuliza ni steroidi ya kuvuta, ambayo haimpi mtu nafuu ya papo hapo, na kwa sababu hiyo ni rahisi kwa mgonjwa kuidharau na ni rahisi kwa mhudumu kuisahau. Mwaka 2019 GINA, taasisi inayotoa mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, ilitangaza kwamba haipendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa inhela ya kutuliza peke yake, dawa ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imetumika kwa miaka 50. Miaka kadhaa baada ya tangazo hilo, mimi bado nilikuwa naandikiwa hiyo hiyo.

Nilizifunga zile inhela 17 kwenye mfuko nikaenda nazo kliniki. Sikuwa nimepanga hotuba yoyote. Nilizimimina mezani tu. Daktari aliziangalia kwa muda, kisha akauliza, "Dada, hizi zote ni za mwaka mmoja?" Nilipomjibu kuwa ndiyo, aliweka kalamu chini, akavuta kiti chake karibu na kuanza kunihoji upya kana kwamba ninafika kwake kwa mara ya kwanza: ninaamka usiku mara ngapi, ni lini nilimeza vidonge vya steroidi, ni kazi gani nimeiacha kwa sababu ya pumzi. Nilimheshimu sana kwa hilo. Mwisho wa mazungumzo aliniandikia inhela moja yenye dawa mbili, budesonidi, ambayo ni steroidi, na fomoteroli, ya kuvuta asubuhi na jioni na pia wakati wowote kifua kinapobana, akanieleza kikomo cha mivuto kwa siku ambacho sipaswi kukivuka. Fomoteroli hufungua kifua haraka kama salbutamoli, lakini kila mvuto unaotafutwa kwa ajili ya nafuu unakuja na kiasi cha dawa ya kutuliza uvimbe. Hata kwa wenye pumu ndogo njia hii ilikwisha kupimwa: katika utafiti wa SYGMA 1 uliochapishwa mwaka 2018, waliotumia mchanganyiko huo pale tu walipouhitaji walipata mashambulio makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kutuliza peke yake.

Wiki za mwanzo zilinijaribu. Nilikuwa nimezoea dawa inayojibu papo hapo, na hii ya asubuhi na jioni niliivuta bila kuhisi chochote. Muuguzi ndiye aliyeniokoa, maana aliponitaka nimwonyeshe ninavyovuta aligundua kwamba nakosea: inhela ya poda inataka mvuto wa nguvu na wa haraka, ilhali mimi nilikuwa naivuta taratibu kama ile ya bluu. Aliniagiza pia nisukutue kinywa na kutema maji kila baada ya kuvuta, ili fangasi wasiote mdomoni. Kufikia wiki ya sita nililala usiku saba mfululizo bila kuamka kutafuta pumzi.

Baada ya kupata nafuu hiyo nilianza kujiuliza kwa nini ilichelewa hivyo. Sehemu ya jibu ni kwamba duniani kote inhela ya kutuliza hupatikana mahali pengi kuliko steroidi ya kuvuta, ingawa zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa kwayo, na wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini ya wastani, mahali ambako ugonjwa mara nyingi hautambuliwi au hautibiwi ipasavyo. Lakini si fedha peke yake. Nilikuja kutambua kwamba vipimo vyenyewe, ambavyo daktari huvitazama ili aamue nani anaumwa sana na nani asubiri, havikunipima sawasawa.

Miaka miwili kabla ya kuzihesabu zile inhela, nilifika idara ya dharura nikiwa siwezi kumaliza sentensi. Nilivalishwa kidoleni kile kibano cha kupimia oksijeni, kikasoma asilimia 94, nami nikaambiwa kwa upole, "Oksijeni yako iko sawa, mama, subiri kidogo." Nilisubiri karibu saa mbili. Daktari aliponipima damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kiwango halisi kilikuwa asilimia 87. Wakati ule nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye nilisoma matokeo yaliyochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020, yaliyolinganisha usomaji wa kibano hicho na damu ya ateri ya wagonjwa wale wale: pale kibano kiliposoma kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi walikuwa na oksijeni chini ya 88, na kwa wagonjwa Weupe ni asilimia 3.6. Kifaa hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huubadilisha mwanga huo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo mpya kwa watengenezaji wa vifaa hivyo Januari 2025, ili vipimwe kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi kabla ya kuuzwa. Sitaki mtu akione kibano hicho kuwa hakina maana, kwa sababu namba inayoshuka haraka ni onyo kwa yeyote. Nilichojifunza ni kutoiachia namba hiyo inisemee. Sasa ninapofika nimebanwa natanguliza dalili: siwezi kusema maneno matano kwa pumzi moja, na kipima kasi ya pumzi cha nyumbani kimeshuka chini ya nusu ya kiwango changu bora. Kauli hiyo ya mwisho wahudumu huisikiliza, kwa sababu inanilinganisha na mimi mwenyewe.

Hesabu iliyonipunja zaidi ilikuwa ya spairometa. Mashine hiyo hupima hewa ambayo mtu anaitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, kisha huilinganisha na kiasi kinachotarajiwa kwa mtu mwenye afya wa umri, kimo na jinsia yake. Kwa miaka mingi iliongezwa pia rangi au asili yake. Kwa Mtu Mweusi matarajio yalipunguzwa kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hoja kwamba mapafu yake ni madogo kwa maumbile. Wazo hilo lina ukoo mchungu. Katikati ya karne ya 19 Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani aliyetetea utumwa, alidai kwamba vipimo vya spairometa vinaonyesha mapafu ya Weusi yana upungufu, na kwa dai hilo akahalalisha kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Tofauti ya wastani inayoonekana leo kati ya makundi ina sababu nyingi, zikiwemo hewa chafu, lishe ya utotoni na kuzaliwa kabla ya wakati. Kuichukua tofauti hiyo na kuiita ya kimaumbile ni kuyaandika madhara yaliyokwisha kumpata mtu kama hali yake ya kawaida, kisha kumwambia kwamba hana tatizo.

Karatasi zangu za zamani zilisema nina asilimia 84 ya kinachotarajiwa, na chini yake pameandikwa kuwa hali ni ya kawaida. Mwaka 2022 wataalamu wa kimataifa wa vipimo vya mapafu walichapisha milinganyo mipya isiyotumia rangi, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikapendekeza itumike. Niliomba pumzi ile ile, ya siku ile ile, ikokotolewe upya. Fundi hakuwa na kinyongo. Alibadilisha mpangilio kwenye kompyuta, na asilimia 84 ikawa 75. Uwiano unaosaidia kutambua kama njia za hewa zimebana haukubadilika kwa kiasi cha maana, kwa hiyo hakuna aliyegundua ugonjwa mpya. Kilichobadilika ni ukali wake kwenye karatasi, na kwa karatasi hiyo nilipelekwa kwa daktari bingwa ambaye kwa miaka mingi nilikuwa sistahili kumwona.

Kwa bingwa mambo mengine yalikwenda upesi. Nilipimwa mzio kwenye ngozi na kukutwa na mzio wa utitiri wa vumbi, na kwa kuwa wekundu wa kipimo hauonekani vizuri kwenye ngozi yangu, aliupapasa uvimbe kwa kidole na kuupima kwa rula badala ya kuutazama kwa macho tu. Alinieleza kwamba hata ukurutu, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi, kwa watu weusi mara nyingi huonekana wa kijivu au zambarau, na mwanafunzi wa udaktari aliyefundishwa kutafuta wekundu huupita.

Yeye pia ndiye aliyenitajia utafiti wa PREPARE wa mwaka 2022, na naukumbuka kwa furaha kwa sababu uliwauliza watu ambao kwa kawaida tafiti za pumu huwaacha nje. Washiriki wote 1,201 walikuwa watu wazima Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wagonjwa wenyewe walishirikishwa kuuandaa. Nusu yao walifundishwa mara moja tu jambo moja: kila unapovuta dawa ya kutuliza, vuta na ya steroidi. Kwao mashambulio makali yalikuwa wastani wa 0.69 kwa mtu kwa mwaka, na kwa nusu nyingine 0.82. Si muujiza, lakini hao ni watu ambao tayari walikuwa na dawa nyingine, na mafunzo yenyewe yalikuwa mepesi kiasi kwamba ningeweza kuyapata nikiwa na miaka 20.

Mtoto wa dada yangu ana pumu pia, na kwake nimejitahidi kutochelewa. Mtoto mdogo hawezi kuoanisha kubonyeza na kuvuta, hivyo dawa nyingi huishia mdomoni asipotumia spesa, kile chombo kinachoishika dawa hewani kabla hajaivuta. Tulipokosa spesa nilitumia chupa ya plastiki ya nusu lita, njia ambayo daktari wa watoto Heather Zar na wenzake waliipima Cape Town na kuchapisha matokeo mwaka 1999: chupa iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni ilifungua vifua vya watoto sawa na spesa ya kununua, ilhali kikombe cha plastiki nyepesi kilishindwa. Kazi yote iko katika kuziba. Chupa yangu ya kwanza ilivuja, nikaitupa na kutengeneza nyingine. Siku hizi mtoto mwenyewe huhesabu pumzi zake ndani ya chupa kwa vidole.

Katika miezi 12 iliyopita nimepata shambulio moja lililohitaji vidonge vya steroidi, wiki niliyougua mafua makali. Droo ina inhela moja ya bluu ambayo sijaifungua. Mahali nilipopimiwa pumzi mara ya mwisho, fomu bado ina kisanduku cha rangi ya mtu na mashine bado inakitumia katika hesabu. Nimewaachia barua yenye maelezo ya milinganyo ya mwaka 2022, na nitarudi kupimwa baada ya miezi mitatu.