Wafalme wa Denmark kwa anayejiandaa na mtihani wa uraia

Ukishapata cheti cha lugha, Prøve i Dansk 3, kizingiti kinachofuata kwa anayeomba uraia wa Denmark ni indfødsretsprøven, yaani mtihani wenyewe wa uraia. Ni maswali 45 kwa dakika 45, mara mbili kwa mwaka, na huingii na kitabu wala simu. Maswali 35 hutoka kwenye kitabu cha serikali kinachopatikana bure mtandaoni, 5 ni ya mambo yaliyotokea karibuni, na 5 ni ya maadili ya nchi. Kufaulu ni 36, na katika yale matano ya maadili usikose zaidi ya moja. Mtu anaweza kupata 40 akafeli kwa sababu amekosa mawili hapo.

Panapotuchosha wengi ni kwenye wafalme. Kuwakariri kama jedwali la kuzidisha hakusaidii, maana majina yenyewe ni mawili tu. Tangu 1513 hadi 1972 kila aliyekalia kiti cha enzi aliitwa Christian au Frederik, kwa zamu, karibu na ile desturi yetu ya mjukuu kubeba jina la babu. Ukishika kanuni moja umewashika wote: Frederik anayemfuata Christian huwa na namba pungufu kwa moja. Baada ya Christian IV akaja Frederik III. Baada ya Christian X akaja Frederik IX. Malkia Margrethe II alikaa kwenye zamu ya Christian, ndiyo maana mwanawe ni Frederik X na mjukuu wake, mrithi wa sasa aliyezaliwa 2005, ni Christian.

Kabla ya hao kuna watu wachache wa lazima. Mji mdogo wa Jelling, huko Jylland, una mawe mawili ya maandishi ya kale. Dogo lilisimamishwa na Gorm Mzee kumkumbuka mkewe Thyra, na juu yake limo jina la Denmark. Kubwa, la mwaka 965 hivi, ni la mwanawe Harald Blåtand, yaani Jino la Bluu. Harald hakuona haya kujisifu: kaandika kwamba aliitwaa Denmark yote na Norway, na kwamba ndiye aliyewafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Ubavu mmoja umechongwa Kristo amenyoosha mikono, lakini hakuna msalaba. Amezongwa na mizabibu na mafundo kama mtu aliyenasa kichakani. Mtego uko hapa: aliyeleta Ukristo ni Harald, si Gorm. Na ndiyo, Bluetooth ya simu yako ni jina lake, na alama yake ni herufi zake mbili za kale, H na B, zilizounganishwa.

Margrete I aliziunganisha Denmark, Norway na Sweden mwaka 1397 kwa Muungano wa Kalmar, ambao Sweden iliuvunja 1523. Usimchanganye na Margrethe II. Kati yao kuna zaidi ya miaka 500.

Mwaka 1536 Christian III aliachana na Roma, akataifisha mali ya Kanisa Katoliki na kuingiza Ulutheri. Waliolelewa KKKT watajiona nyumbani hapa. Kifungu cha 6 cha Katiba bado kinamtaka mfalme awe wa kanisa hilo.

Mwaka 1660 unataka kueleweka, si kukaririwa. Awali mfalme alichaguliwa, na kabla ya kukalia kiti alitia sahihi håndfæstning, hati ya masharti aliyowekewa na makabaila. Vita na Sweden vikawafilisi na kuwaaibisha wote; 1658 Denmark ikapoteza Skåne na majimbo mengine ya ng'ambo ya mlango wa bahari. Frederik III alikuwa amejijengea sifa kwa kubaki Copenhagen wakati mji umezingirwa, na alipoungwa mkono na wenye mji na makasisi, makabaila wakanyong'onyea. Hati ikafutwa, ufalme ukawa wa kurithi, na 1665 ikaandikwa Kongeloven, sheria iliyomweka mfalme chini ya Mungu peke yake. Swali likiuliza utawala wa mfalme mmoja mwenye mamlaka yote ulianza lini, jibu ni 1660; sheria yake ni 1665.

Kasoro ya mpango huo ilionekana kwa Christian VII. Alirithi 1766 akiwa hajatimiza miaka 17, na akili yake ilikuwa mgonjwa. Mamlaka yote yapo kwa mtu mmoja, na mtu huyo hayawezi. Aliyejaza pengo ni daktari wake, Mjerumani Johann Friedrich Struensee, ambaye pia alikuwa mpenzi wa Malkia Caroline Mathilde. Kwa muda usiofika miaka miwili alitoa amri zaidi ya elfu moja, zikiwa zimeandikwa Kijerumani, mojawapo ikiondoa ukaguzi wa maandishi mwaka 1770. Januari 1772, usiku wa dansi ya vinyago, akakamatwa. Aprili akakatwa kichwa.

Sasa tazama kilichofuata. Januari 1776 ikatoka sheria kwamba vyeo vya serikali ni vya wazawa wa nchi za mfalme tu, na jina lake ni indfødsret: haki ya aliyezaliwa ndani. Neno lililo juu ya karatasi yako ya mtihani lilitungwa ili daktari mwingine wa kuja asipate tena nafasi ile. Mambo ya Wadenmark hayo.

Kuanzia Katiba ya 1849 mgeni hupewa haki hiyo kwa sheria tu. Leo ni kifungu cha 44. Kwa hiyo hakuna ofisa anayekupa uraia kwa muhuri wake. Jina lako huingizwa kwenye muswada, Bunge huupitisha, mfalme hutia sahihi pamoja na waziri, na bado unatakiwa kwenda kwenye hafla ya manispaa kupeana mikono na kutia sahihi kwamba utaitii Katiba. Mtanzania apige hesabu mapema: Denmark imeruhusu uraia pacha tangu Septemba 2015 na Kenya tangu Katiba ya 2010, lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na vyote viwili.

Kuna jambo moja la Afrika. Denmark hupenda kukumbusha kwamba ilipiga marufuku biashara ya watumwa mapema, 1792. Soma mstari unaofuata: amri ilianza kazi 1803, na watumwa wa visiwa vyake vya Karibi waliachwa huru Julai 1848 tu, baada ya kuinuka wenyewe huko St. Croix. Jina Christiansborg unalolijua kama kasri la Bunge lilikuwa pia jina la ngome yao Accra, waliyowauzia Waingereza 1850. Visiwa viliuzwa kwa Marekani 1917, dola milioni 25.

Frederik VII alitia sahihi Katiba ya kwanza tarehe 5 Juni 1849. Ya sasa ni ya 5 Juni 1953. Siku moja, miaka miwili tofauti, na watunga mitihani wanalijua hilo. Ya 1953 ndiyo iliyobakiza baraza moja la Bunge, na pamoja nayo mwanamke akaruhusiwa kurithi. Frederik IX alikuwa na mabinti watatu bila mtoto wa kiume. Ndugu yake Knud akapoteza zamu, Margrethe akaipata. Kura ya maoni ya 2009 ikaondoa upendeleo wa mtoto wa kiume kabisa.

Christian X ana mawili. Machi 1920 alimfukuza waziri mkuu Zahle kwa sababu ya mpaka na Ujerumani. Vyama vya wafanyakazi vikatishia mgomo wa nchi nzima, akarudi nyuma, na tangu hapo mfalme haingilii siasa. La pili ni hadithi kwamba alivaa nyota ya njano ya Wayahudi wakati wa uvamizi wa Wajerumani. Ni uongo mtamu: ndani ya Denmark nyota hiyo haikuwahi kulazimishwa. Kweli ni kwamba Oktoba 1943 Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa kwa mashua kwenda Sweden.

Margrethe II aling'atuka 14 Januari 2024, miaka 52 kamili tangu aanze. Kabla yake, aliyeacha kiti kwa hiari yake ni Erik Lam, 1146. Hakuna kuvishwa taji: waziri mkuu Mette Frederiksen alisimama na Frederik X kwenye roshani ya Christiansborg akamtangaza mara tatu. Mwanzoni mwa 2025 mfalme mpya akabadili nembo: taji tatu za kumbukumbu ya Kalmar zikaondolewa, dubu wa Greenland na kondoo wa Visiwa vya Faroe wakapewa nafasi kubwa zaidi. Kama vitini ulivyoazima ni vya mwenzako wa zamani, nembo utakayoiona humo ni ile ya awali.