Toubkal mwezi wa nne: kilichonirudisha ni kramponi, si urefu

Watu watatu waliowahi kupanda Kilimanjaro waliniambia neno moja: ukishafika Uhuru, Toubkal, kilele cha mita 4,167 kwenye milima ya Atlasi huko Morocco, ni matembezi tu. Huo ni ushauri mbaya, na bado unatolewa. Kwa njia ya Marangu, usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720, nawe umeanzia langoni kwenye mita 1,800 na ushei. Kwenye Atlasi watu wanatoka Marrakech asubuhi, chini ya mita 500, na jioni wanalala kwenye nyumba ya wapandaji, mita 3,207. Ndiyo maana usiku nyumba hiyo inajaa watu walioshika vichwa. Halafu kuna theluji: kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, pengine hata Mei, njia ya juu ni theluji na barafu, na Marangu haikufundishi kutembea hapo.

La urefu nililimaliza kwa siku moja ya ziada. Nililala Imlil, mita 1,740, siku mbili. Ile ya katikati nikapanda Tizi Mzik, karibu mita 2,500, nikashuka kulala chini. (Tizi ni mlango wa mlima, pale njia inapokatiza ukingo, neno hilo utalikuta kwenye kila ramani ya huko.) Kichwa hakikuniuma hata mara moja.

Kufika Imlil ni rahisi: teksi kubwa ya kuchangia kutoka Marrakech, huondoka ikijaa, unabadilisha Asni, kama dirhamu hamsini kwa jumla. Mwongozaji si hiari. Tangu mwisho wa 2018 askari wanakagua pasipoti njiani juu ya kijiji, na asiye na mwongozaji mwenye leseni anarudishwa. Wangu alichukua mia tano na kitu kwa siku. Mzigo ulibebwa na baghala, yule mnyama chotara wa punda na farasi. Wao husema bghel, nami nikasema baghala kama tusemavyo pwani, tukaelewana papo hapo. Lakini baghala anasimama theluji inapoanza. Mwezi wa nne mwanzoni, hapo palikuwa juu kidogo ya Sidi Chamharouch, mahali pa ziara penye jiwe kubwa lililopakwa chokaa. Kutoka hapo kila kitu ni mgongoni mwako, kwa hiyo usipakie usichoweza kubeba saa mbili tatu za kupanda.

Sasa kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Nilizikodi Imlil pamoja na shoka la barafu, kama dirhamu mia kwa siku. Aliyenikodisha alizipima kwa macho, akasema zinatosha. Saa kumi na nusu alfajiri tuliingia bonde la kusini, ambalo hupanda karibu mita 960 kutoka nyumba ya wapandaji hadi kileleni. Theluji ya saa hizo ni ngumu kama saruji. Kufika mita 3,600 hivi, kramponi ya kushoto ilizunguka ikakaa upande, meno yakitazama nje. Niliifunga upya, hatua ishirini ikatoka tena. Mwongozaji alitazama mara mbili tu, akasema tunashuka. Alikuwa sahihi: kwenye mteremko ule, mguu ukiteleza husimami karibu.

Kulikuwa na makosa mawili. Buti langu lilikuwa laini, la kutembelea njia za kawaida. Soli ikikunjwa, mkanda unalegea kila hatua, na kramponi inajisogeza yenyewe. La pili, kile chuma cha katikati kinachounganisha mbele na nyuma ya kramponi kilikuwa kimewekwa tundu moja refu kuliko inavyotakiwa.

Siku nzima nilibaki kwenye nyumba ya wapandaji nikajifunza. Kipimo ni hiki: ingiza buti kwenye kramponi bila kufunga mkanda, linyanyue, litikise. Ikidondoka, punguza chuma tundu moja. Ikishika yenyewe, ndipo ufunge. Vifungo vikae upande wa nje wa mguu, na mkia wa mkanda uchomekwe. Ukining'inia upande wa ndani, meno ya mguu wa pili yataukanyaga. Nilibadilishana na mtu aliyeshuka, nikapata buti gumu la saizi yangu. Kisha nikatia alama ya plasta kwenye mkanda pale unapokaza sawasawa, nikafunga na kufungua mara kumi nikiwa nimevaa glavu. Mara ya kumi ilinichukua dakika mbili. Alfajiri, gizani, penye baridi ya chini ya sifuri, ile plasta ilikuwa na thamani kuliko koti langu.

Siku iliyofuata hakuna kilichosogea. Miguu unaitenganisha kidogo, la sivyo meno yanachana suruali na kukuangusha. Unakanyaga kwa meno yote, si kwa ncha za vidole, hata mteremko ukiwa mkali. Chupa ya maji nilivika soksi na kuigeuza kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda juu. Ukiisimamisha, mdomo ndio unaoziba. Simu ilikaa ndani kabisa, karibu na tumbo, maana baridi inamaliza betri.

Tizi n'Toubkal, mita 3,940, ndipo upepo unapokupiga. Vaa koti la upepo kabla ya kufika, ukiwa bado umekingwa na mwamba, kwa sababu ukifika hutaweza kulishika. Kutoka hapo ni ukingo hadi kwenye ile piramidi ya vyuma kileleni. Nililia kidogo, sioni haya.

Usikae sana. Ikifika saa nne asubuhi jua linalainisha theluji, nayo inagandamana chini ya kramponi mpaka unatembea juu ya tonge. Igonge kwa mpini wa shoka kila hatua kadhaa. Na usizivue kwenye mteremko hata ukiona mawe yameanza kutokeza. Ngoja ufike mahali tambarare, kaa chini, ndipo ufungue mkanda.