Usiku wa Augusta na ubishi wetu kuhusu McIlroy

Ubishi wangu na shemeji kuhusu mchezaji gofu Rory McIlroy ulianza mwaka 2011, alipoingia siku ya mwisho ya Masters, mashindano makubwa ya gofu yanayochezwa Augusta, Marekani, akiongoza kwa mikwaju minne, kisha akaporomoka na kumaliza siku hiyo kwa mikwaju 80, mingi mno katika mchezo ambao mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Tangu hapo shemeji amesisitiza kwamba kipaji anacho, ila moyo wake ni mwepesi. Na McIlroy alipokosa mipira miwili ya karibu na shimo katika US Open pale Pinehurst, Juni 2024, akashindwa na Bryson DeChambeau kwa mkwaju mmoja, nilikosa la kujibu.

Aprili 13, 2025 tulikesha pamoja mbele ya televisheni, kutazama siku ya mwisho ya Masters. Katika shimo la 13, kwa mpira ambao hata mimi, mchezaji wa Jumamosi tu, ningethubutu kuupiga, McIlroy aliutumbukiza kijitoni. Shemeji hakusema neno. Alinitazama tu, jambo lililoniudhi zaidi. Katika shimo la 15 akapiga mkwaju wa ajabu uliozunguka miti, katika la 18 akakosa mpira mfupi wa ushindi, na saa nane usiku ilipopita kidogo, katika shimo la ziada la kuamua mshindi dhidi ya Justin Rose, aliyekuwa amelingana naye, akauweka mpira karibu na bendera na kumaliza kazi.

Shemeji bado anadai kwamba Scottie Scheffler, aliyekuwa namba moja duniani wakati huo, asingeutumbukiza kijitoni mpira ule wa shimo la 13. Huenda ni kweli. Hata hivyo, McIlroy alikuwa akisubiri taji jingine kubwa tangu 2014, na aliyeporomoka mara mbili jioni ile akainuka mara mbili siwezi kumwita mwoga.