Mateka wa Mahiwa

Juzi daladala ilikwama pale Posta, usawa wa Sanamu la Askari, mwanangu akaniuliza: "Mama, huyu alishinda au alishindwa?" Nikamwambia anyamaze, foleni inasogea. Haikuwa inasogea.

Swali hilo likanikumbusha yule mzee wa mtaa wa Gerezani, enzi zile nilipokuwa namfukuzia Bayume Mohamed Husen usiku na mchana, mpaka baba watoto akawa ananiuliza nimeolewa na nani hasa, yeye au marehemu. Habari za Bayume nilizipata vipandevipande, nyingi zimeandikwa Kijerumani. Alizaliwa hapa Dar mwaka 1904, baba yake askari mwenye asili ya Sudani. Vita vilipoanza 1914, baba na mwana wote wakawa jeshini kwa Mjerumani. Mtoto ana miaka 10! Oktoba 1917 akajeruhiwa Mahiwa, kule Lindi, na Waingereza wakamchukua mateka.

Mzee kwao ni Nyangao, jirani kabisa na Mahiwa. Ndicho kilichonipeleka.

Nilimkuta barazani anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika, na ilionekana wazi kwamba hapendi kusumbuliwa kabla halijafika chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye binti unayetafuta vita?"

Nikaanza kumsomea kwenye daftari. Nilipotaja Mahiwa kisu kikasimama. Bibi yake alikuwa msichana wakati ule, akasema. Mizinga ililia siku nne. Watu wakahamia porini na watoto mgongoni, na waliporudi ghala la mtama lilikuwa limefagiliwa.

"Nani alichukua, babu? Wa Mjerumani au wa Mwingereza?"

"Wote. Hawa wakipita wanabeba, wale wakipita wanabeba. Bibi hakuwahi kuwatofautisha." Akaendelea kumenya. "Huyo wako alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Darasa la saba," akasema, akimtazama mjukuu wake aliyekuwa anahangaika na mnyororo wa baiskeli uani. Akamtazama kwa muda. Halafu akanigeukia: "Walimlipa?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo makubwa, hata kibati cha shaba alichowekewa Berlin mwaka 2007, kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi. Lakini mzee alikuwa ameuliza jambo lilelile lililompeleka Bayume Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920. Alifuata mshahara wake na wa marehemu baba yake. Wakubwa wakamjibu kwamba amechelewa.

Akabaki hukohuko. Alihudumu mezani kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Akaigiza kwenye sinema za kusifu makoloni, na ya mwisho ilimtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao huku kwetu, yuleyule Mkono wa Damu. Hapo huwa nakwama kila nikijaribu kumwandika. Kuna siku namwonea huruma na kuna siku nafunga daftari kwa hasira. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wazee waliobaki hai, ilikuwa 1964.

Mzee alisikiliza yote bila kunikatiza. Ganda likadondoka zima, akanikatia nusu ya chungwa.

"Sisi tukizika tunatangaza," akasema. "Anayemdai marehemu aje tuzungumze na familia. Sasa huyu marehemu ndiye anayedai. Anatangaza nani?"

Nikasema labda ndiyo maana naandika. Hata mimi nilisikia jibu lilivyopwaya.

"Sawa, andika," akasema, akifuta kisu kwenye kikoi. "Na akitokea wa kulipa, mwambie kwanza akate ule mtama wa bibi yangu. Kinachobaki ndiyo ampe huyo mtoto."