Tumpishe Jirani

Jioni ya leo nimeitoa kabatini redio yangu ya zamani kwa nia ya kuifuta vumbi tu, lakini nilipoiwasha na kusikia ule mkwaruzo wake, nikamkumbuka mtangazaji wetu wa usiku kwa uchungu ambao sikuutarajia. Sitamtaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kujitaja. Kipindi chake kilifunguliwa na mlio wa kiti alichokalia, kiti kibovu kilicholia kila alipoegemea, na kwa mlio huo tulijua kwamba ameingia hewani.

Wengi walimwona mtu wa vituko. Mvua ikinyesha, alifungua dirisha la studio, akakisogeza kipaza sauti, kisha akanyamaza dakika nzima ili kila aliyekuwa kitandani ailinganishe mvua yake na ile ya studioni. Akikosea kulitamka jina la mtu aliyeandika barua, usiku uliofuata alianza kwa kumwomba radhi na kulitamka upya mara mbili, polepole. Hakuzungumza kamwe wimbo ukiwa unaendelea. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika tatu au nne hivi kila upande, naye aliiacha itimize zote, hata sindano ikafika kwenye mfuo wa mwisho na kuanza kukwaruza, ndipo aliposema kwa sauti ya chini, "Imetosha, pumzika." Nadhani alikuwa akiiambia santuri, ingawa mara nyingi nililala nikiamini kwamba ananiambia mimi.

Lakini lililonifunga kwake hasa ni namna alivyompokea mgeni. Kituo chetu kilirusha matangazo kwa masafa ya kati, na masafa hayo hubadilika tabia jua linapotua: mchana, tabaka la chini la ayonosfia, ile hewa ya juu sana iliyotiwa chaji ya umeme na jua, huyafyonza mawimbi yanayopanda angani, ilhali usiku tabaka hilo hufifia, mawimbi yakafika juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndiyo maana kila usiku kituo cha mbali, cha lugha tusiyoielewa, kilipenya chini ya sauti yake. Yeye mwenyewe, akiwa karibu na mtambo wenye nguvu, hakuweza kukisikia. Habari zake alizipata katika barua zetu za malalamiko. Badala ya kutuomba radhi, alianza kukikaribisha. "Jirani amefika," alisema ikikaribia saa nne, "tumpishe kidogo," kisha akanyamaza, na katika ule ukimya tukausikia wimbo wa watu wengine ukija na kupotea kama unaopeperushwa na upepo. Alitupa zawadi ambayo yeye hakuionja.

Ili nisimpoteze, niliigeuza redio hii kidogo kidogo juu ya ukingo wa dirisha. Ndani yake mna antena, kijiti cha feraiti, yaani kauri yenye oksidi ya chuma, kilichozungushiwa waya, ambacho hunasa vizuri kikiuelekezea mnara ubavu, na karibu kinyamaze kabisa kikiuelekezea ncha. Nilipopata pale ambapo sauti yake ilitulia, nilichora mstari wa penseli kando ya redio, na mstari huo haujafutika mpaka leo.

Baadaye kituo kilihamia FM, mtambo wa masafa ya kati ukazimwa, na kipindi chake hakikuhamishwa. Hakuna aliyetuuliza sisi wasikilizaji, na jambo hilo bado linaniuma.

Usiku huu nimeiweka redio sawasawa na mstari wa penseli. Mahali pake pana mvumo mtupu. Ilipokaribia saa nne, sauti ya mbali ikaanza kupenya, mwanamke akiimba kwa lugha nisiyoijua. Sijui kama ni jirani yule yule. Nikaacha kuandika, nikapunguza taa, nikampisha.