Nilivyochuja ushauri wa homoni nilipofika umri wa kukoma hedhi

Mwanamke akishavuka miaka arobaini na kitu, wauzaji wa homoni, yaani dawa za kufidia zile ambazo ovari huacha kutengeneza, humfuata bila kuitwa. Huku anaambiwa homoni ni saratani tupu, kule anaahidiwa usingizi, kumbukumbu, kiuno na ngozi ya ujana. Nimesoma ya pande zote mbili, na kilichonivusha ni kumdai kila msemaji mambo matatu: ni homoni ipi na kwa dozi gani, ni wanawake wangapi kati ya wangapi waliopata madhara au nafuu, na waliopimwa walikuwa na umri gani. Asiye na majibu hayo, maneno yake nayaweka kando, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Swali la pili ndilo lililonilipa zaidi, kwa hiyo nitalifafanua. Hofu nyingi inayozungushwa hadi leo ilianzia kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wenye mfuko wa uzazi waligawanywa: wengine wakapewa kidonge chenye estrojeni (homoni kuu ya kike) zilizotolewa kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, miligramu 0.625, pamoja na medroksiprojesteroni, aina ya projesteroni ya maabara, miligramu 2.5, wengine kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake, na dunia nzima ikasikia kwamba saratani ya matiti imepanda kwa asilimia 26. Wengi walielewa kuwa kati ya wanawake mia, 26 wataugua. Sivyo hata kidogo. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia dawa, kama 30 walipata saratani hiyo kwa mwaka. Kati ya 10,000 waliotumia, 38. Tofauti ni wanawake 8. Waliopata kiharusi nao waliongezeka kwa 8, walioganda damu mapafuni 8, waliopata ugonjwa wa moyo 7. Waliovunjika nyonga wakapungua kwa 5 na wenye saratani ya utumbo mpana kwa 6. Simwambii mtu kwamba wanawake wanane si kitu. Ninachosema ni kwamba asilimia bila hesabu ya watu haikusaidii kuamua chochote, iwe inakutisha au inakubembeleza.

Swali la tatu linamalizia kazi. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na wengi hedhi ilishakoma zaidi ya miaka kumi nyuma. Mwenye miaka 51 anayeamka usiku shuka zimelowa jasho si mwenzao. Takwimu zilipochambuliwa kwa umri, ilionekana kwamba kwa mwenye dalili zinazomsumbua, asiye na kizuizi cha kiafya, akianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, kwa kawaida faida huzidi madhara. Halafu kuna swali la homoni ipi: wanawake waliokwisha kutolewa mfuko wa uzazi walipewa estrojeni peke yake, na kwao kiharusi kiliongezeka lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Anayesema "homoni husababisha saratani" na akaishia hapo hajakwambia kitu.

Kipimo hicho hicho nawawekea wanaoahidi makubwa. Homoni za kulinda akili isizeeke? Wanawake wa miaka 65 na zaidi walipopewa mchanganyiko ule ule, waliopatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu walikuwa wengi zaidi ya wale wasiopewa dawa. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kumwanzishia mwanamke homoni ili kumkinga na ugonjwa huo, wala kuzuia ugonjwa wa moyo. Kazi ambazo homoni zinazifanya vizuri ni chache na zinajulikana: kupunguza joto la ghafla na jasho la usiku (mara zinazotokea hupungua kwa takriban robo tatu), kutibu ukavu wa uke na maumivu ya tendo la ndoa, na kulinda mifupa. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 ana hesabu yake tofauti. Yeye kwa kawaida hushauriwa atumie homoni angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma, kama miaka 51, na takwimu za wanawake wa miaka 63 hazimhusu.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni huu: "Pima kwanza kiwango chako cha homoni, tena kwa mate, ndipo tukutengenezee krimu yako." Katika miaka ya mpito kuelekea kukoma hedhi, ovari hazizimiki kwa utaratibu. Wiki hii estrojeni iko juu kuliko ya msichana, wiki ijayo imeporomoka, na homoni ya FSH, ile ya ubongoni inayozichochea ovari, inapanda na kushuka nayo. Sampuli moja inakuonyesha asubuhi ile tu. Ndiyo maana mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unasema mwanamke mwenye afya aliyevuka 45, mwenye hedhi iliyovurugika na joto la ghafla, hahitaji kipimo cha homoni. Dalili zake zinatosha. Aliye chini ya 40 ndiye anayestahili kupimwa FSH, tena mara mbili, zikipishana wiki nne hadi sita. Kipimo cha mate ni dhaifu zaidi, kwa sababu namba yake hailingani kwa uhakika na dozi unayohitaji.

Muuzaji wa kipimo namuuliza hivi: "Ni jibu gani la kipimo hiki ambalo lingekufanya uniambie sihitaji kununua kitu?" Swali hilo lina nguvu ya ajabu. Mwenye kipimo cha kweli ana jibu papo hapo. Ukipimwa tezi ya shingo na ikaonekana sawa, hupewi dawa ya tezi, basi. Mwenye kipimo cha biashara hana namba ya namna hiyo: ikiwa juu una "estrojeni iliyozidi", ikiwa chini una "upungufu", ikiwa katikati "uwiano" umevurugika, na krimu inayouzwa ni ile ile. Kama una fedha ya kipimo, pima tezi hiyo na wingi wa damu, kwa sababu tezi iliyochangamka kupita kiasi huleta joto, jasho na mapigo ya moyo ya haraka yanayofanana kabisa na ya kukoma hedhi, na upungufu wa damu huleta uchovu ule ule.

Neno "asili" nalo halinishiki. Estradioli, estrojeni iliyo kwenye plasta za kubandika ngozini zilizosajiliwa, hutengenezwa kutokana na mimea, na molekuli yake ni sawa kabisa na ya ovari. Projesteroni ya kapsuli ni hivyo hivyo. Kinachozitofautisha na krimu zinazochanganywa kwa oda ni ukaguzi: kila plasta imethibitishwa inatoa kiasi kilichoandikwa. Kwenye krimu ya kuchanganywa dozi inaweza kuzidi au kupungua, na projesteroni ikipungua, estrojeni inaunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi bila kizuizi mpaka uingie hatari ya saratani. Krimu ya projesteroni ya kupaka ngozini haitoshi kuulinda ukuta huo. Ya kiazi mwitu ndiyo kabisa: kiazi kina diosijenini, lakini kuigeuza iwe projesteroni ni kazi ya maabara, mwili hauwezi. Vipandikizi vya chini ya ngozi mimi sivishauri, maana dozi ikizidi hakuna namna rahisi ya kuirudisha nyuma.

Shuhuda za watu nazisikiliza kwa heshima, ila siziamulii. Katika tafiti za joto la ghafla, wanaopewa kidonge kisicho na dawa hupata nafuu kubwa, wakati mwingine zaidi ya nusu ya mara zao za joto. Kwa hiyo mitishamba yoyote itakuwa na wanawake wanaoiapia kwa moyo mweupe. Mafuta ya primrose hayajaonyesha kushinda kidonge kitupu. Black cohosh, mmea mwingine wa dawa, matokeo yake yanapingana, na wapo wachache waliopata madhara ya ini.

Ukiamua kutumia, haya ndiyo yanayoharibika mara nyingi. Plasta ya mikrogramu 25 hadi 50 hubandikwa chini ya kiuno, kamwe si kwenye titi, juu ya ngozi kavu isiyopakwa losheni, maana mafuta huifanya ibanduke. Nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, kila mara mahali pengine. Jeli iache ikauke, nawa mikono, na mtoto asiguse hapo. Njia hizi mbili hazipiti kwanza kwenye ini kama kidonge, ndiyo maana hatari ya damu kuganda ni ndogo. Mwenye uzito mkubwa azitaje kwa daktari mapema. Mwenye mfuko wa uzazi lazima aongeze projesteroni: miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa usiku 12 hadi 14 wa kila mwezi. Hulevya usingizi, hivyo imeze unapolala, na kama una mzio wa karanga soma boksi, kwani baadhi zina mafuta yake. Ipe dozi miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Damu kidogo katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo si ajabu. Ikiendelea baada ya hapo, au ikitoka mwaka mmoja baada ya hedhi kukoma kwa asiyetumia homoni, ichunguzwe bila kusubiri.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au mshtuko wa moyo asianze bila daktari bingwa. Zipo dawa za joto la ghafla zisizo za homoni: venlafaksini, gabapentini ya usiku, na fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ambayo hudai ini lipimwe. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, aepuke paroksetini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa joto la ghafla, kwa kuwa huidhoofisha tamoksifeni.

Ukavu wa uke ukiwa ndilo tatizo pekee, kidonge cha ukeni cha estradioli mikrogramu 10, kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki, kinatosha. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, na projesteroni haihitajiki. Na kwa dozi zote nilizozitaja hapa, mimba bado inaweza kuingia: endelea na uzazi wa mpango hadi mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho kama umevuka 50, miaka miwili kama hujafika.