Waliohudhuria: sita

Juzi usiku kaskazi ilikuwa ikibamiza mlango wa uani, binti yangu akaniuliza, "Baba, huu upepo anauleta nani?" Nikamjibu, Mungu. Hakuridhika. Nami nikajikuta nimerudi mlima Jiuri, nje ya mji wa Quanzhou huko China, mwaka ule wa mwisho wa masomo.

Nilishuka kituo si changu, nikatembea juani hadi viatu vikanifinya, hayo tuyaache. Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa huko, alinipeleka moja kwa moja kwenye jabali lenye maandishi mekundu. Quanzhou ndiyo ile Waarabu waliyoiita Zaitun, bandari iliyowekewa forodha na utawala wa Song, ukoo wa wafalme wa China, mwaka 1087. Mara mbili kwa mwaka liwali na wakuu wa forodha walikuja hapa kumwomba mungu wao upepo: wa kusi urudishe meli, wa kaskazi uzipeleke. (Kaskazi hiyo hiyo inayotuletea majahazi sisi, wao iliwaondolea.)

Nilitegemea dua, tena ya kutoa machozi. Mwenzangu akasimama mbele ya maandishi ya mwaka 1188, kidole hewani bila kugusa jiwe, akawa ananifasiria neno moja moja. Ibada ilipokwisha walipanda mlima, wakatembea mtoni kwa mashua, siku ikaisha kwa starehe. Mwezi wa nne, waliohudhuria: sita. Majina. Mwezi wa kumi, waliohudhuria: watano. Majina.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Muhtasari wa kikao! Kimekosekana kipengele cha posho tu.

Kisha kicheko kikaniishia. Babu alikuwa nahodha. Kusi ikichelewa, alikuwa akikaa barazani asubuhi mpaka magharibi, hasemi na mtu, kahawa inapoa mkononi. Jina lake sijui kama liko popote zaidi ya cheti cha kifo, na huko wamelikosea herufi.

"Mmoja wao kaenda wapi?" nikauliza. "Yule wa sita."

Mwenzangu akainua mabega. "Labda kahamishwa."

Yote haya nimemsimulia binti yangu, na liwali, na mashua, na babu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza posho ni nini.